Mkeka wa Darasa la Nne

Nilikwenda semina Arua na swali moja tu, na swali lenyewe lilikuwa mtoto. Msichana wa darasa langu la nne, pale Dranya upande wa Koboko, alikuwa hasemi. Si bubu. Shangazi yake, aliyevuka naye kutoka Sudan Kusini wakapitia Kongo kabla ya kufika kwetu, aliniambia kwamba nyumbani anasema, ila anasema na kuku. Na watu je? Na watu hapana. Shuleni aliketi dawati la nyuma, akaandika vizuri kuliko wengi wa wale wanaopiga kelele mbele, na kila asubuhi nilipoita jina lake alinitazama kana kwamba nimemwita mtu mwingine. Hatukujua hata ataitikia kwa lugha gani, siku akiitikia.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Naliweka hili mapema kwa sababu kila ninayemsimulia anataka kumfanya shetani. Alikuwa na shule iliyofurika, walimu wachache kuliko vyumba, na mkaguzi anayekuja bila taarifa. Aliniita ofisini, akavua miwani, akasema, "Madamu, mutoto hapana sema. Mimi nitajua namna gani kama anajifunza? Muhula ukiisha hivi, anashuka darasa la kwanza. Kule wanaanza na kuongea."

Nikamwambia mtoto huyo ana kimo changu. Akasema kimo si somo.

Basi nikaenda soko la Koboko kumweleza shangazi, maana nilijua habari ikimfikia kwa mdomo wa watu wengine itafika imeoza. Nilimkuta anapanga muhogo mkavu juu ya gunia, vipande vyeupe huku, vyenye madoa kule. Alinisikiliza bila kuacha kazi. Kisha akasema, "Akishushwa kwa watoto wadogo, mimi hapana leta tena. Muhula ukifunga narudi naye ng'ambo. Atalima na mimi." Hakusema kwa hasira. Nilimuuliza kama ng'ambo kuna shule. Akasema iko ukuta, mabati hakuna, mwalimu hakuna.

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi kama mchana. Neno moja kabla muhula haujafungwa, au jembe. Nilirudi kwa mwalimu mkuu nikabishana naye mpaka akachoka, nami nikichoka nabishana zaidi, na mwisho akakubali kwamba neno hilo si lazima alisikie yeye. "Wewe ni mwalimu, nitakuamini," alisema. "Kuja tu uniambie amesema nini."

Ningependa kuandika kwamba usiku ule nililala nikimwaza. Nililala vizuri. Wakati ule nilikuwa nalala vizuri, nakula, nafua, nasahihisha, na hakuna kitu kilichonigusa.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemzika binti yangu Manibe. Alikuwa binti pekee, wa darasa la tano, na homa ilimpanda kichwani. Baba yake alikuja kutoka Juba anakofanya biashara, akazika, akarudi. Kwetu msiba ukiingia, mkeka wa mafunjo hutandikwa chini, nje ya nyumba, na wanawake hukaa juu yake wamenyoosha miguu. Anayefika haulizi kitu. Anakaa kwanza, ananyamaza pamoja na waliopo, kisha ndipo anauliza, na mwenye msiba anaeleza tangu ugonjwa ulipoanza mpaka ulipomaliza. Kila anayefika anaelezwa upya. Ni kazi ya mfiwa, hiyo, na ukiulizwa hukatai. Mimi sikuieleza hata mara moja. Mama yangu ndiye aliyeeleza, nami nikawa nahangaika na masufuria, nani amekula, nani hajala, chumvi iko wapi.

Watu wakanisifu. Umejikaza, walisema, una roho ngumu. Sifa hiyo niliichukia sana. Kujikaza ni kazi, na mimi sikuwa nafanya kazi yoyote. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya kanisani, na nilichoogopa ni ile dakika damu inaporudi.

Nikaomba uhamisho. Nikapewa Koboko, shule ya Dranya, ambako hakuna aliyejua kama nimewahi kuzaa. Walimu wenzangu walidhani mimi ni mwanamke mkali asiye na mtoto wala haja ya mtoto, nami niliwaacha na dhana yao. Ukali ninao tangu zamani. Baba yangu alikuwa askari, nilikulia kambini, na Kiswahili changu cha kwanza kilikuwa cha kuamrisha. Kile cha vitabu kilikuja baadaye, chuoni, na bado mdomoni mwangu kinavaa buti.

Semina ilikuwa upande wa Ombaci, katika ukumbi wa kukodi. Bango la wenye semina lilikuwa refu ajabu: mafunzo ya walimu kuhusu madarasa jumuishi yanayotambua kiwewe. Lilikuwa refu hata likafunika swichi ya taa, na aliyetaka kuwasha alilazimika kupenyeza mkono nyuma yake na kupapasa. Aliyetufundisha alikuwa dada mmoja wa Kampala, kijana, mpole, mwenye sauti ya kumlaza mtoto mchanga. Sina ubaya naye. Alijiandaa vizuri na hakuchelewa hata siku moja, ambalo huku kwetu ni jambo la kumshukuru mtu.

Siku ya kwanza aliuliza kama kuna yeyote kati yetu aliyewahi kuishi karibu na vita. Mwalimu mmoja mzee wa Arua, aliyekuwa anamenya karanga chini ya meza, akauliza kwa upole kabisa, "Vita gani, dada? Ya mwaka gani?" Tukacheka, ukumbi mzima, na mnara wa kuwakumbuka waliouawa vitani uko mwendo mfupi tu kutoka pale tulipokaa. Dada wa watu hakujua tunacheka nini. Wengi wetu tulizaliwa uhamishoni, wengine Sudan, wengine Kongo, na hawa tunaowaita wakimbizi leo ni watoto wa watu waliotupokea. Hatukumweleza. Alikuwa na mengi ya kufundisha na muda wake ulikuwa mfupi.

Akatueleza dalili. Mtoto aliyeumia rohoni, alisema, hutazama mbali. Hula bila hamu. Wenzake wakicheka, yeye hacheki, au anacheka kwa kuwa wanacheka. Hufanya kila unachomwambia, lakini mwenyewe hayupo. Nilikuwa nafuata kwa utulivu, najipa alama kwenye kila dalili kama ninavyosahihisha hesabu, na nilipoona nimezipata zote sikushtuka. Niliwaza kama chai ya saa nne itakuja na mandazi au itakuja peke yake. Ilikuja na mandazi.

Kisha zikaletwa kadi zenye sura zilizochorwa, kila mwalimu achague inayofanana na moyo wake siku hiyo. Jirani yangu, mwalimu wa Koboko mjini, alichagua ya kucheka ili asiulizwe maswali, mjanja yule. Mimi nikachagua moja isiyo na mdomo wala nyusi. Dada akaja akainama akaniambia kwa sauti yake ile kwamba hiyo haijamalizika kuchorwa, imeingia kwa bahati mbaya, nichague nyingine. Nikachukua ya kucheka.

Ulipofika wakati wa maswali nilisimama nikauliza langu. Nina mtoto hasemi. Asiposema kabla muhula haujafungwa, anatoka shule na kuvushwa mpaka. Nifanye nini aseme?

"Usimlazimishe, mwalimu," alinijibu. "Mtengenezee mahali salama. Atasema akiwa tayari."

Nikamwambia mtoto anaweza kungoja mpaka awe tayari, lakini mwalimu mkuu wetu hayuko tayari kungoja. Watu wakacheka tena. Akaliandika swali langu kwenye karatasi ya njano, akalibandika ukutani pamoja na maswali mengine yatakayojibiwa baadaye, na hapo ukutani ndipo lilipobaki hadi tulipofunga. Nilikasirika, lakini hasira yenyewe ilikuwa ya mazoea tu, ya mdomoni.

Jambo moja nililobeba kutoka pale ni kona ya utulivu. Alituonyesha picha ya darasa la nchi fulani, mito laini, zulia, wanasesere, mtoto amejilaza anapumua. Kila darasa liwe na kona ambayo mtoto akilemewa anaweza kwenda bila kuomba ruhusa na bila kuulizwa. "Mito hamna, najua," alisema. "Tumieni mlicho nacho." Na sisi sote, ukumbi mzima, Walugbara, Wakakwa, Waaluri, na mwalimu mmoja Mkongo aliyeolewa Arua, tukasema kwa sauti moja: mkeka. Hakuna aliyeinua hata nyusi. Ndani ya ukumbi wenye feni na projekta, mkeka ni mkeka tu. Akaandika neno hilo kwenye karatasi yake kubwa na kulizungushia duara.

Nikanunua mkeka wa mafunjo kabla sijapanda gari la Koboko. Jumatatu nikautandika darasani. Nyuma hapakuwa na nafasi, madawati yamegusa ukuta, kwa hiyo niliuweka mbele karibu na mlango, pale watoto wanapoacha vidumu vyao vya maji. Nikautandaza vizuri, nikanyoosha pembe, nikarudi nyuma kuutazama. Nilijiona mwalimu wa kisasa kwelikweli.

Watoto wakaingia. Yule wa kwanza alikuja mbio kama kawaida yake, akafika mlangoni, akaona mkeka, akasimama. Akavua kandambili. Waliomfuata wakavua pia. Wote wakaingia kimya kimya, wakaupita mkeka kwa pembeni, wakakaa, na darasa ambalo kwa kawaida nalinyamazisha kwa kugonga meza lilinitazama bila hata kikohozi. Nikajisemea kwamba yule dada anajua kazi yake. Nikafundisha hesabu za sehemu kwa raha zangu. Ukimya ule ungenishtua mapema kama ningekuwa na akili timamu.

Baada ya mapumziko nikakuta karanga kwenye mkeka, rundo dogo juu ya jani. Kando yake kulikuwa na vijiti vya kuni, vimepangwa. Wavulana walikuwa wameviokota nyuma ya vyoo wakavileta, kwa sababu kwetu wanaume huja msibani na kuni za ule moto wa nje. Nilisimama nikiangalia kuni zile, na ndipo nikaelewa sisi walimu wenye vyeti tumefanya nini. Tumetandika mkeka wa matanga ndani ya darasa, tena mlangoni, na watoto wetu, wenye heshima zao, wamekuja msibani.

Jioni ile mama mmoja mzazi alikuja moja kwa moja kutoka shambani, jembe begani. Alisimama nje ya mlango, hakuukaribia mkeka. "Madamu, nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Hii ni kona ya utulivu."

"Kama hakuna, toa mukeka. Mukeka hapana lala hivi bure. Itaita mutu."

Nikamwahidi kwamba kesho nitautoa, na sikuwa namdanganya. Kesho yake niliingia na nia ya kuukunja, nikamkuta msichana wangu amekwisha kuukalia. Alikaa wima, mgongo ukutani, miguu ameinyoosha mbele, mikono mapajani. Hakuwa amejilaza wala kupumua kama yule mtoto wa picha. Alikaa kama wanawake wanavyokaa mkekani, vile mtoto hukaa tu kama amewahi kukalishwa hivyo kwa siku nyingi. Sikuutoa. Wazazi walipouliza tena niliwaambia ni amri ya semina, na semina ina mihuri, basi wakaniacha.

Wiki zikapita hivyo. Alikuja, akavua viatu, akakaa, akaandika daftari likiwa mapajani, akapata vema kuliko wote. Wenzake walikuja mmoja mmoja saa ya mapumziko, wakakaa kidogo pembeni yake, wakanyamaza naye, wakainuka wakaenda kucheza mpira. Hakuna aliyemuuliza chochote. Nadhani walimwona ndiye mwenye msiba. Nami nilijaribu vyote nilivyofundishwa. Nilipumua naye kwa kuweka mkono tumboni. Nilichora sura kwenye maboksi, nikahakikisha zote zina midomo. Kila asubuhi niliita jina lake na kungoja kidogo zaidi ya ninavyowangoja wengine, kisha nikaita linalofuata. Hakusema. Siku zilikuwa zinakwisha, shangazi yake alikuwa anauza muhogo wake kwa bei ya kumaliza mzigo, nami nilijua maana yake, nikaendelea kuchapa kazi sina hili wala lile.

Wiki ya mwisho, mchana, watoto walikuwa nje wanafyeka nyasi za uwanja. Viti vya walimu vyote vilikuwa vimebebwa kwa ajili ya mkutano wa wazazi. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha na miguu inaniuma, kwa hiyo nikafanya kile ambacho mtu mwenye akili angefanya, nikakaa kwenye mkeka. Yeye alikuwa upande wa pili. Nikainyoosha miguu, nikaegemea ukuta. Nilisahihisha daftari moja, nikafungua la pili.

"Mwalimu," akasema. "Mutu yako gani alikufa?"

Kiswahili. Kile cha upande wa Kongo, alichokiokota njiani. Sauti ilikuwa nzito kidogo, imekwaruza, si ya kitoto nilivyoitarajia. Na hakuuliza kwa udadisi. Alikuwa amekaa vya kutosha, amenyamaza vya kutosha, ameniona mimi nimekuja nimekaa na miguu imenyooka, na sasa akauliza kama inavyotakiwa kuuliza. Wiki zote zile mimi nilikuwa nangoja aseme. Yeye, kumbe, alikuwa anangoja mwenye mkeka aje akae.

Nilisikia swali lile likiingia, likishuka, halikugonga chini. Nikasema, "Hakuna. Kusanya madaftari."

Akakusanya madaftari. Akayapanga kwa ukubwa, akaniwekea karibu na goti, akavaa viatu, akatoka. Kesho yake alikuwa dawati la nyuma, na nilipoita jina lake hakunitazama kabisa. Mkeka ulibaki mtupu siku nzima. Niliona aibu. Ilikuwa hisia ya kwanza niliyoihisi tangu Manibe, na haikuwa ndogo, ilinichoma hadi masikioni, huku nimesimama na chaki naeleza sehemu za ua.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu akaniita. Nilipofika ofisini nikawakuta msichana na shangazi yake wamekwisha kufika, wamesimama ndani ya mlango. Shangazi alikuwa amevaa kitenge cha safari. Nje, kwenye baraza, mzigo wao ulikuwa umefungwa kamba. Msichana alikuwa anatazama sakafu.

"Madamu," akasema mwalimu mkuu, "tulikubaliana. Amesema ao hapana?"

"Amesema."

Shangazi akageuka kumtazama mtoto. Mwalimu mkuu akaweka kalamu chini. "Vizuri. Amesema nini?"

Ningeweza kudanganya, na kudanganya najua. Ningesema ameitikia jina lake, ameomba maji, amesema asante. Neno lolote lingetosha, maana yule mzee aliahidi kuniamini, na alikuwa mtu wa kutimiza. Lakini mwenye neno alikuwa amesimama pale anasikia. Alikaa kimya muda wote ule na neno alilolitoa lilikuwa lile, moja, zito, na mimi nilikwisha kulitupa mara moja.

"Aliniuliza ni mtu wangu gani aliyekufa."

Mwalimu mkuu ni Mkakwa wa palepale Dranya, hakuhitaji kuelezwa swali hilo huulizwa wapi. Alinitazama usoni, tena akanitazama. "Na wewe ulimujibu nini?"

"Sikumjibu."

Msichana akainua macho. Hayakuwa macho ya kulaumu. Alikuwa ananingoja tu, kama unavyomngoja mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Kiti kilikuwepo. Nikakaa chini, sakafuni, nikainyoosha miguu. Shangazi naye akashuka akakaa, bila kuuliza, kitenge chake cha safari kikigusa vumbi la ofisi. Mtoto akakaa. Mwalimu mkuu alibaki kwenye kiti chake kwa muda, kisha nikasikia kiti kikiburuzwa, na yule mzee mwenye magoti mabovu akashuka pia, ameshika pembe ya meza.

"Binti yangu," nilimwambia yule msichana. Sauti ilikuwa ileile ya kuita majina, na ilikatikia hapo. Nikaanza tena. "Binti yangu ndiye aliyekufa. Homa ilimshika Jumapili. Alitoka kanisani akasema anasikia baridi, nami nikamwambia avae sweta, maana nilikuwa napika."

Nikafika hapo nikakwama. Nilijua kinachofuata, nilikijua chote, chumba kwa chumba, lakini machozi yakaanza kutoka yenyewe bila kuniuliza, yananidondokea kifuani mbele ya mwalimu mkuu wangu. Hakuna aliyenigusa. Hakuna aliyesema pole, nyamaza, jikaze. Walikaa tu.

"Kisha?" akasema msichana.

Mwalimu mkuu akamgeukia. Shangazi akaziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja. Mtoto hakuwatazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kisha, mwalimu?"

Nikamwambia kisha usiku akatapika.